Mawese ya Kigoma yanunuliwe kwa kipimo cha asidi

Ndugu Mhariri,

Kila suala la mafuta ya kula linapofika Kigoma, mazungumzo huishia kwenye miche: imegawiwa mingapi, mashamba gani yapandwe upya, tenera, mchikichi wa kisasa wa chotara, inazidi dura, mchikichi wa asili wa wazee wetu, kwa kiasi gani. Hayo ni mambo ya maana, na pale TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo, kazi kubwa imefanyika. Lakini kati ya mkungu na dumu kuna jambo ambalo halisemwi, nalo ndilo linalomla mkulima. Mawese huingia sokoni yakiwa yamejaa asidi, na mnunuzi haipimi. Anatazama rangi, ananusa, anachovya kidole, anataja bei. Mafuta mazuri na mabovu yanapewa bei moja, na aliyejitaabisha kuyatengeneza vizuri hapati zaidi ya jirani yake.

Asidi hiyo haiji kwa bahati mbaya wala kwa hali ya hewa. Inaletwa na kitu ambacho wanakemia wanakiita kichocheo: kitu kinachoharakisha mmenyuko na chenyewe kikabaki kama kilivyokuwa, tayari kuuanza mwingine. Ndiyo maana kidogo chake kinatosha kuharibu kingi. Mswidi Berzelius aliipa hali hiyo jina mwaka 1835, na tangu hapo vichocheo vimechunguzwa zaidi katika koo mbili. Kuna vya metali, kama chuma, nikeli na shaba, na kuna vimeng'enya, yaani protini zinazotengenezwa na viumbe hai, kama zile zinazomeng'enya chakula tumboni. Koo zote mbili zimo kwenye mawese yetu, moja ndani ya tunda na nyingine ndani ya pipa.

Tuanze na tunda. Nyama ya chikichi ina kimeng'enya kiitwacho lipasi. Mafuta, kikemia, yamejengwa kama uma wenye meno matatu: mpini ni gliseroli na kila jino ni asidi ya mafuta. Lipasi hutumia maji kukata jino moja baada ya jingine, na kila jino linalokatika ni asidi huru inayoelea ndani ya mafuta. Tunda likiwa zima, lipasi na mafuta vimetenganishwa ndani ya chembe zake, kila kimoja chumbani kwake. Likipondeka, kuta zinavunjika na viwili hivyo vinakutana. Chikichi iliyoiva vizuri isiyo na jeraha huwa na asidi huru ya asilimia 1 hivi au pungufu. Iliyoiva kupita kiasi na kupondeka inaweza kufika asilimia 60 ndani ya saa moja. Si wiki wala siku: saa moja.

Wengine hudhani tunda likishakatwa mtini limekufa, kwa hiyo hakuna kinachoendelea ndani yake. Mjerumani Eduard Buchner alilimaliza suala hilo mwaka 1897 alipoonyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye hamira, yasiyobaki na chembe hai hata moja, bado yanachachusha sukari. Kimeng'enya hakihitaji uhai wa kilichokizaa. Kinahitaji kitu cha kukata, maji, na joto lisilokiunguza. Lundo la mikungu lililofunikwa kwa majani nyuma ya nyumba linakipa vyote vitatu.

Lundo hilo lina sababu yake, na hatumlaumu mtu. Chikichi mbichi zimeng'ang'ania kwenye mkungu, na kuzichomoa ni kazi ya kuchubua vidole. Zikilala siku tatu, nne au zaidi chini ya majani zinalegea zenyewe. Lakini gharama ya wepesi huo ni asidi, tena ukungu unaoota juu ya lundo huleta lipasi zake na kuongeza juu ya ile ya tunda. Zipo njia za kupata wepesi bila lundo. Mkungu uchanjwe kwa shoka au panga kubwa siku ileile ya kuvunwa, vichane vitengwe na kigogo cha katikati, kisha vichane vipikwe kwa mvuke vikiwa bado na chikichi zake. Joto ndilo litakalolegeza vikonyo. Ukivikung'uta baada ya kupika, chikichi zinadondoka.

Jiko la mvuke halihitaji fundi wa mbali. Chukua pipa la lita 200 lililokatwa mfuniko. Panga matofali chini, juu yake weka bamba lenye matundu ya ukubwa wa kidole, likiwa sentimita 15 kutoka chini. Mimina maji lita 35 hivi, yasiligonge bamba. Jaza vichane bila kushindilia, funika kwa majani ya mgomba na gunia lililoloweshwa, weka mzigo juu. Muda uhesabiwe tangu mvuke unapotoka kwa nguvu juu kabisa, si tangu moto ulipowashwa, kwa sababu katikati ya pipa huchelewa sana kupata joto. Saa moja na nusu inatosha. Kigoma iko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 97 hivi badala ya 100. Hilo halidhuru, kwa maana lipasi huharibika mapema kabla ya hapo, mradi joto limefika hadi ndani ya tunda. Kosa la kwanza ni kuharakisha: chikichi za pembeni zinaiva, za katikati zinapata uvuguvugu, na uvuguvugu ndio lipasi inaoupenda. Kosa la pili ni maji kukauka, ya chini yakaungua na mawese yote yakachukua harufu ya moshi. Weka bomba jembamba la kuongezea maji ya moto bila kufunua.

Kuchemsha ndani ya maji moja kwa moja, kama wengi wanavyofanya, nako kunaua lipasi. Hasara yake ni kwamba mafuta kidogo hupotelea kwenye maji na kuni zinakwenda nyingi. Anayechemsha aendelee kuchemsha, ilimradi afanye hivyo ndani ya saa 24 tangu kuvuna. Na mikungu isirushwe. Dura ya asili ni ndefu, mkungu wake unaanguka kutoka juu kwa kishindo, kisha unatupwa tena kwenye toroli na tena uani. Kila kishindo kinafungua vyumba tulivyovitaja. Majani makavu au turubai kuukuu chini ya mti, na kuvuna pale chikichi tano hadi kumi zinapokuwa zimeanguka zenyewe badala ya kungoja nusu ya mkungu idondoke, vinapunguza asidi kuliko dawa yoyote itakayotiwa baadaye. Hakuna dawa ya kijijini inayorudisha meno ya uma kwenye mpini.

Sasa metali. Mafuta yakishakamuliwa hupikwa na maji ili matope yashuke, na hapo ndipo chuma kinapoingia. Mawese yenye asidi nyingi huyeyusha kutu ya sufuria na pipa, na chuma kilichoyeyuka hubaki ndani ya mafuta. Hewa inapoyagusa mafuta huzaliwa peroksidi, yaani mafuta yaliyoshikana na oksijeni, ambazo zikiachwa peke yake hukaa kwa muda. Chuma hakiziachi. Huvunja peroksidi moja, kikabadilika kutoka hali moja kwenda nyingine, kisha huvunja ya pili na kurudi kilikotoka. Kila mzunguko unatoa radikali, vipande vikali visivyotulia, zinazokwenda kushambulia mafuta mengine, na chuma chenyewe hakipungui. Ile harufu kali ya mawese ya zamani, inayoshika pua na kukwaruza koo, ni mabaki ya peroksidi zilizovunjwa.

Tunaomba msomaji atambue jinsi vichocheo hivi viwili vinavyopokezana. Lipasi inazaa asidi, asidi inayeyusha chuma, chuma kinachachisha mafuta. Anayesugua pipa lake kila wiki lakini analaza mikungu siku tano bado atapata chuma kwenye mafuta, kwa sababu asidi italila pipa lililong'arishwa vilevile. Anayepika mapema kisha akahifadhi kwenye pipa lenye kutu amejenga nusu ya nyumba.

Viwango vya kimataifa vya chakula, vya Codex, vinataka mafuta yasiyosafishwa yasizidi miligramu 5 za chuma kwa kilo, na shaba isizidi miligramu 0.4. Tofauti hiyo inaeleza yenyewe ni ipi kali zaidi, hivyo bomba au koki ya shaba isiguse mawese ya moto hata kidogo. Na miligramu 5 si nyingi. Pipa la lita 200 hubeba kilo 180 hivi za mawese, na kikomo chake chote ni gramu 0.9 za chuma. Msumari mdogo una zaidi ya hapo.

Pipa la mvuke likiwa la chuma si tatizo kubwa, kwa kuwa mafuta bado yamo ndani ya tunda. Ubaya unaanzia kwenye kinu cha kukamulia na kuendelea. Sufuria ya alumini inafaa kwa kupikia na kusafishia, kwani alumini haichachishi mafuta kama chuma. Chuma kisichoshika kutu ni bora zaidi kwa mwenye uwezo. Bati lililopakwa zinki tusingelishauri, maana asidi huila zinki. (Anayetengeneza sabuni asihamishe ushauri huu jikoni kwake: kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, hutoboa alumini.) Baada ya matope kushuka na mafuta kuenguliwa, yarudishwe motoni peke yake hadi mlio wa kuchachatika uishe. Mlio ule ni maji yanayotoka, na maji yakibaki asidi itaendelea kuongezeka hata kama lipasi ya tunda imekufa, kwa sababu vijidudu huishi kwenye tabaka la maji chini ya dumu, na asidi iliyopo nayo husaidia kuzaa nyingine. Usipitilize: mlio ukikoma, epua. Moto mkali unaunguza karotini, ile rangi nyekundu ambayo ndiyo vitamini A yetu. Dumu la plastiki lioshwe, likaushwe kabisa, lijazwe hadi shingoni lisibaki na hewa, likae kivulini. Masalia ya mawese ya mwezi uliopita yaliyoganda pembeni ni mbegu ya asidi, yasiachwe humo.

Tumefika kwenye kipimo chenyewe, ambacho tungependa wasomaji wakate ukurasa huu na kukihifadhi. Vifaa vyake vimo katika maabara nyingi za sekondari zinazofundisha kemia, na vingine vinauzwa duka la dawa.

Yeyusha gramu 4 za kostiki (sodiamu haidroksaidi) kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha ongeza maji hadi lita 1 kamili. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji. Ukimimina maji juu ya kostiki itaruka usoni. Ya duka la sabuni mara nyingi imenyonya unyevu, kwa hiyo gramu 4 zake si gramu 4 za kweli. Ihakiki kwa asidi ya oksaliki ya fuwele: gramu 6.3 ndani ya lita 1 ya maji. Mililita 10 za oksaliki zinatakiwa kumaliza mililita 10 za kostiki yako. Ikihitajika 11, kostiki ni dhaifu. Andika kwenye chupa kwamba kila jibu lizidishwe kwa 10 na kugawanywa kwa 11. Chupa iwe ya plastiki na ifungwe vizuri, kwani kostiki hunywa hewa ya kaboni na kupungua nguvu.

Pasha dumu au sampuli hadi mawese yayeyuke yote, nyuzi 50 hivi, ukoroge. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mawese yakipoa hujigawa, mgando chini na mafuta mekundu ya majimaji juu, na anayechota juu peke yake hapimi dumu, anapima nusu yake. Pima gramu 5. Mizani ya wanunuzi wa dhahabu inatosha kabisa. Asiye na mizani atumie bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano na kuvuta mililita 5.6 za mawese ya moto, ambazo zina uzito huohuo.

Spiriti ipimwe mililita 50, iwe nyeupe, si ile iliyotiwa rangi. Ipashe ndani ya bakuli la maji ya moto, mbali na mwali. Tia matone machache ya kiashiria, dawa inayogeuka rangi asidi inapokwisha, kisha dondosha kostiki hadi rangi itokee kwa mbali. Hatua hii inarukwa sana na ndiyo inayotia watu hatiani bure, kwa sababu spiriti yenyewe huwa na asidi kidogo, na usipoizima kwanza utamhesabia mwenye mafuta. Mimina mawese ndani ya spiriti hiyo, tikisa kwa nguvu. Vuta kostiki kwenye bomba safi la sindano, au tumia bureti, bomba la kioo la maabara lenye vipimo na koki, na udondoshe huku ukitikisa hadi rangi ya kiashiria ibaki kwa nusu dakika. Soma mililita zilizotumika.

Kwa gramu 5 za mawese na kostiki ya nguvu hiyo, kila mililita 1 ni karibu asilimia 0.5 ya asidi huru, ikihesabiwa kama asidi ya palmitiki. Mililita 4 ni asilimia 2, mawese ya kujivunia. Mililita 10 ni asilimia 5, mpaka unaotumiwa sana katika biashara ya mawese ghafi duniani. Mililita 30 ni asilimia 15.

Tahadhari moja kuhusu kiashiria. Fenoftalini ya shuleni hutoa rangi ya waridi, na juu ya mawese mekundu jicho hudanganyika, mpimaji akapitiliza na kumpa mkulima asidi asiyokuwa nayo. Thaimoftalini hugeuka samawati na kuonekana vizuri zaidi. Pasipo hiyo, tumia gramu 2.5 badala ya 5, spiriti ileile, acha tabaka zitulie kidogo kila mara na utazame la juu. Hapo kila mililita itakuwa asilimia 1. Na vipimo viwili vya dumu moja vikitofautiana kwa zaidi ya nusu asilimia, rudia cha tatu kabla ya kutaja bei.

Asilimia 15 maana yake nini kwa fedha? Katika pipa la kilo 180, kilo 27 si mafuta tena. Ni lita 30, dumu moja na nusu. Kiwanda kinachosafisha kitaziondoa na kuzitupa upande wa sabuni, na kikiziondoa hupoteza pia mafuta mazima yanayofuatana nazo. Mnunuzi mkubwa analijua hilo, naye hujilinda kwa kushusha bei ya mawese yote ya mkoa. Hivyo mzalishaji wa asilimia 3 anamlipia wa asilimia 15. Mtengeneza sabuni hana shida na asidi, kostiki yake itaigeuza sabuni vilevile, ila ajue kwamba mchanganyiko utashika upesi kuliko alivyozoea na awe na vyombo vya kumiminia karibu. Kwa hiyo mawese yenye asidi si ya kumwagwa, wala si sumu. Yana soko lake na bei yake, na bei hiyo isiwe ya wote.

Wasomaji wasidhani utafiti wa vichocheo ni habari ya kuzuia uharibifu tu. Duniani, vichocheo hivihivi ndivyo vinavyolipwa. Mfaransa Paul Sabatier alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kuonyesha jinsi unga wa nikeli unavyopachika haidrojeni kwenye molekuli, na Mjerumani Wilhelm Normann alikuwa ameshachukua hataza mwaka 1902 ya kugandisha mafuta ya maji kwa njia hiyo. Siagi ya mimea ya karne iliyopita ilisimama juu ya nikeli. Baadaye ikadhihirika kwamba ugandishaji wa nusunusu huzaa mafuta ya transi, yanayodhuru moyo, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi ziyaondoe. Mawese yana bahati hapa: yanaganda nusu kwa asili yake, hayahitaji nikeli ili yakae kwenye mkate.

Na viwanda vilivyoiacha nikeli vimekimbilia wapi? Baadhi yao, kwa lipasi, dada wa ile inayotuharibia. Huchukuliwa kutoka kwa ukungu, hupachikwa juu ya punje za silika au plastiki, hujazwa ndani ya mnara, na mafuta makavu hupitishwa kwa joto la nyuzi 70 hivi. Kichocheo hakichagui upande wa kwenda. Penye maji mengi lipasi hukata meno ya uma, penye maji haba huyachomoa na kuyapanga upya, ukapata mafuta ya ugumu unaotaka bila transi. Minara hiyo huchoka mapema ikipewa mafuta yenye peroksidi, na nikeli nayo hulemazwa na sulfuri, fosforasi na sabuni. Yaani hata anayenunua mawese ili kuyatia kwenye vichocheo vya kisasa atauliza kwanza vichocheo vya zamani vimeyafanya nini.

Kwa watafiti wetu tuna ombi la pekee. Mwaka 2013 jarida la Nature Communications lilichapisha kazi iliyotambua jeni ya lipasi inayochachua mawese, na kuonyesha kwamba ipo michikichi ambayo lipasi yake ni hafifu kwa kuzaliwa. Mmarekani Frances Arnold alipewa nusu ya Nobel ya Kemia mwaka 2018 kwa kuzalisha vimeng'enya maabara, kizazi baada ya kizazi, akichagua vilivyo bora kama mfugaji anavyochagua dume. Kuchagua mti ni kazi ya ukoo huohuo, na hapa mkoani inafahamika vema. Katika michikichi ya asili iliyotapakaa kutoka Ujiji hadi mabonde ya Uvinza huenda kuna mti ambao chikichi zake hazichachi upesi. Kuutafuta hakuhitaji mashine ya jeni mwanzoni. Chukua chikichi 20 zilizoiva za mti mmoja, ponda mbichi 10, ziache saa moja kivulini, kisha ziue kwa maji yanayochemka. Nyingine 10 zichemshwe nusu saa kwanza ndipo zipondwe. Kamua mafuta ya kila fungu na uyapime asidi kama tulivyoeleza. Tofauti kati ya mafungu mawili ndiyo nguvu ya lipasi ya mti huo. Kidato cha tatu kinaweza kupima miti 30 kwa muhula, kila mti ukapigwa rangi na kuandikwa namba, na orodha ikapelekwa kwa wataalamu wa mbegu. Hilo lingekuwa somo la vimeng'enya lenye faida kuliko kuchora mchoro wa kufuli na ufunguo ubaoni mwaka baada ya mwaka.

Kwa halmashauri na vyama vya ushirika, tunachoomba ni kidogo kuliko kiwanda. Meza moja kwenye soko la mawese, mizani, jiko dogo la kupashia, mabomba ya sindano, chupa ya kostiki iliyohakikiwa, spiriti na kiashiria, pamoja na kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne akiwa amefaulu kemia. Kipimo kimoja kinachukua dakika kumi. Jibu liandikwe kwa chaki juu ya dumu, mbele ya muuzaji na mnunuzi wote wawili, na bei iwe ya madaraja matatu: hadi asilimia 5, kutoka 5 hadi 10, na kuzidi 10. Mwandiga kungefaa kuanzia, na msimu unaofuata Ilagala.

Walimu wa kemia na wakamuaji wa mawese,
Ujiji, Kigoma